Krapi Chini ya Barafu: Saa za Kutupa Ndoano Minnesota

Karibu mtazamaji. Tuko juu ya ziwa lililoganda, Minnesota, jimbo la Marekani, na samaki wa leo ni krapi: bapa, rangi ya fedha yenye madoa meusi, mdomo mwembamba kama karatasi, macho makubwa. Hayo macho ndiyo yanayotupangia ratiba. Krapi huona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko visamaki anaowinda. Jua likiinama, yeye anaanza kula, wao wanaanza kupapasa.

Saa tunazotaja humu ni za Kiswahili. Tukisema saa 10:35 jioni, simu yako itasoma 4:35. Kwa eneo la Minneapolis, mwisho wa Desemba jua huzama kati ya saa 10:35 na 10:40 hivi. Katikati ya Januari ni karibu saa 11 kamili, na katikati ya Februari ni karibu saa 11:40. Tazama saa ya machweo ya siku yako kabla hujafunga mizigo, kwa sababu kila kitu tunakihesabu kutoka hapo kurudi nyuma.

Hatua ya kwanza: fika ziwani saa 8 mchana. Ndiyo, mapema hivyo. Anayefika jua likizama hutoboa mashimo wakati samaki wanakula, na akimaliza kufunga chambo wameshapita.

Tembea na mtaimbo mkononi, ukigonga barafu mbele yako. Barafu safi ya kioo iwe na unene wa sentimita 10 au zaidi ndipo mtu atembee juu yake. Ile nyeupe yenye theluji ndani ina nusu tu ya nguvu, kwa hiyo itake mara mbili. Pima tena kila mita 45 hivi, maana ziwa haligandi sawasawa. Shingoni ning'iniza vishikio viwili vya misumari. Ukitumbukia, ndivyo vya kujivutia utoke.

Hatua ya pili: chagua mahali. Idara ya Maliasili ya Minnesota ina LakeFinder, ukurasa wa mtandaoni ambamo utapata ramani za kina cha maji za maziwa mengi. Barafu ikiwa changa, Desemba, anza kwenye ghuba zenye majani ya majini yaliyo bado kijani, mita 2 hadi 4. Januari na Februari nenda kwenye bonde la ziwa, mita 6 hadi 9, pale mteremko unapoishia kwenye tope laini. Humo kwenye tope wamo mabuu ya wadudu, na juu yake wanaelea planktoni, viumbe wadogo mno wa majini. Krapi hukaa katikati ya meza hizo mbili.

Toboa mashimo 10 hadi 15 kwa kekee ya barafu ya sentimita 15 au 20, kila shimo mita 5 kutoka jingine, mstari ukitoka mtelemkoni kuelekea bondeni. Yote yawe tayari saa moja na nusu kabla ya machweo. Kwenye maji ya kina kifupi hasa, kelele za kekee huwasogeza samaki. Chota vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, kisha weka kekee chini na usiiguse tena.

Hatua ya tatu: fimbo. Fupi, sentimita 60 hadi 75, ncha laini, na springi ndogo mwishoni. Mshipi uwe wa nguvu ya kubeba ratili 2 hadi 4. Mnene zaidi ya hapo huganda na kujikunja kama waya, na jigi ndogo, yaani ndoano yenye kichwa cha uzito, haiwezi kuunyoosha. Jigi iwe ya tangsteni, milimita 4 au 5: ni nzito kwa umbo lake, hivyo inashuka haraka. Chomeka mabuu mawili meupe. Fimbo ya pili itegwe na chelezo na kisamaki hai cha sentimita 4, ndoano ikipita chini kidogo ya pezi la mgongo ili aendelee kuogelea. Wakati wa barafu sheria inakuruhusu mishipi miwili. Kiwango cha jimbo ni krapi 10 kwa siku, lakini yapo maziwa yenye kiwango kidogo zaidi, basi soma kanuni za ziwa lako. Leseni inahitajika kuanzia miaka 16.

Hatua ya nne, na hapa ndipo penye samaki: nusu saa kabla ya jua kuzama mpaka saa moja baada yake. Washa sona, kifaa kinachoonyesha samaki kama alama kwenye kioo chake. Mchana alama zao zilikuwa karibu na tope. Mwanga unapopungua planktoni hupanda, na krapi huwafuata, mara nyingi mpaka nusu ya kina. Aliyeacha chambo chini tangu saa 9 atalalamika kwamba ziwa halina kitu, na samaki wanapita juu ya ndoano yake.

Macho ya krapi yanaelekea juu. Chambo kikae sentimita 30 hadi 60 juu ya alama yake, kamwe kisiwe chini yake. Tikisa kidogo, tulia, kisha panda taratibu. Alama ikipanda nayo, endelea. Ikikwama, simama usitikise. Mara nyingi hutasikia kuvutwa. Anakinyanyua chambo, mshipi unalegea, springi inainuka. Hapo inua fimbo kwa kifundo cha mkono tu. Ukivuta kwa nguvu ya bega utachana ule mdomo, na ndoano itarudi tupu.

Giza likiingia, badilisha uweke jigi inayong'aa. Imulike kwa tochi sekunde chache, ukigeuka pembeni ya shimo, na urudie inapofifia. Mwanga mkali ukiingia shimoni ghafla, kundi lililotulia linaweza kutawanyika.

Baada ya saa moja hivi watanyamaza. Usifungashe. Subiri nusu saa, kagua mashimo mengine, kwa kuwa usiku hurudi kwa makundi, dakika 10 za vurugu kisha kimya. Ukiwasha hita ndani ya hema, acha tundu la hewa juu na chini. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu.

Asubuhi nayo ina zamu yake, fupi na baridi zaidi: Januari, kutoka saa 12:45 hivi mpaka saa 2:30. Hapo mambo yanageuka. Anza juu, halafu shuka kadiri kunavyopambazuka. Pete za fimbo zitaganda, zitumbukize majini, usizivunje barafu kwa kucha. Kwetu jioni ndiyo bora, ukilazimika kuchagua moja.

Mchana si bure ikiwa kuna mawingu mazito au theluji nene juu ya barafu, kwa kuwa chini kunakuwa na kiza. Tumia jigi ndogo kabisa na ukae chini. Machi ndiyo inayovunja kanuni: maji ya theluji iliyoyeyuka hupenya mashimoni na kuleta oksijeni, krapi wanarudi maji ya kina kifupi, na alasiri ya saa 8 hadi 10 inaweza kuishinda jioni. Ila kingo za ziwa ndizo zinazolainika kwanza, kwa hiyo barafu iliyokubeba asubuhi ipime upya kabla ya kutoka.

Jambo jingine kuhusu kina. Krapi aliyetolewa kwenye kina cha zaidi ya mita 9 kibofu chake cha hewa huvimba, na ukimrudisha huenda akaelea na kufa. Kwenye kina hicho hakuna kuchagua wakubwa: kila unayemtoa ni wa kikaangoni, na ukifikisha kiwango, kunja mshipi.