Niliacha Kuinamisha Kichwa
Mhadhara kwa vijana wa vyuo, Mbeya

Wazee wangu mlioketi mbele, nanyi vijana, kamwene. Nimewasalimu kwa salamu ya Iringa ingawa mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, kwa sababu mtu asiyeionea haya salamu ya kwao haoni tabu kuitumia ya jirani.

Nilipoajiriwa Dar es Salaam tulikuwa tukila pamoja mchana, wali na maharage ya mama lishe, na siku za mwanzo niliinamisha kichwa nikashukuru kama nilivyolelewa. Nilipoona wenzangu wanaanza kula moja kwa moja, nikafupisha sala, kisha nikawa naisema huku nimeinama kana kwamba nafunga kamba za viatu, na mwisho nikaiacha kabisa. Hakuna aliyenikataza wala aliyenicheka. Ndipo dada mmoja Mwislamu kutoka Tanga, ambaye kila adhuhuri alitandika mswala wake nyuma ya makabati bila kumwomba mtu radhi, akaniuliza, "Kaka, siku hizi humshukuru tena Mungu wako?" Hakuwa akinisuta. Alikuwa amezoea kunisubiri nimalize ndipo naye aseme bismillahi, na niliponyamaza alidhani nimepatwa na jambo zito. Nilijificha ili nisiwakwaze watu, kumbe niliyemkwaza ni yule aliyeniheshimu kuliko wote.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba Yesu alituagiza tusali chumbani, mlango umefungwa. Ni kweli, lakini maneno hayo aliambiwa anayesali ili watu wamsifu, na Yesu huyo huyo alikwisha kusema kwamba taa haifunikwi kwa pishi. Mimi sikuingia chumbani kusali. Niliacha kusali, na hayo ni mambo mawili ambayo nimechoka kuyasikia yakichanganywa.

Mwingine huniambia kila mara kwamba Mnyakyusa hawezi kujivunia dini iliyoletwa na Wajerumani, na hunikumbusha kwamba mwaka 1891 wamisionari wa Kanisa la Moravian, kanisa langu, walipofika Rungwe ndio mwaka ambao Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alilishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo, Iringa. Ushindi wa Lugalo naujivunia bila kumwomba mchungaji ruhusa. Ila Kanisa hili halikuanzishwa na dola ya kikoloni. Lilianza Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo, mwaka 1457, kwa watu walioshika mafundisho ya padri Jan Hus, ambaye mwaka 1415 alichomwa moto kwa kukataa kukana alichokiamini. Wazee wetu walipoipokea imani hiyo waliiomba na kuiimba kwa Kinyakyusa, na bibi yangu hakuwahi kuona kwamba Mungu anasikia lugha nyingine vizuri zaidi.

Nilikusudia kuzungumzia wazazi wanaowaficha watoto lugha ya nyumbani, na vijana wanaoacha majina ya ukoo wakifika mjini, lakini muda umekwisha. Ibara ya 19 ya Katiba yetu, inayolinda uhuru wa kuamini, mkaisome wenyewe. Inamlinda yule dada wa Tanga kama inavyonilinda mimi.

Tuanze maswali. Kila atakayesimama, Mkristo, Mwislamu au mwenye imani nyingine, aseme kwanza jina lake kamili pamoja na la ukoo, na atusalimu kwa lugha ya kwao. Wewe kijana wa nyuma uliyenyoosha mkono, karibu.