Kayaki hugeuzwa na kiuno

Ndugu zangu, kafi nimelilaza hapa mezani makusudi. Tuanze na viti mlivyokalia.

Inueni goti la kushoto kidogo. Uzito umehamia tako la kulia, mbavu za kushoto zimejikunja. Kichwa kibaki katikati. Hapo mmeshailaza kayaki, kile chombo chembamba cha kupiga kafi, ubavu wa kulia, nayo sasa inataka kwenda kushoto.

Kwa nini? Kayaki ya baharini ina urefu wa karibu mita 5. Ikikaa sawa, imezama toka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, na maji yanaing'ang'ania. Ukiilaza, ncha zote mbili huinuka, na kinachobaki majini ni chombo kifupi. Kifupi hugeuka upesi.

Mtu ataniuliza: mbona mvuvi hugeuza mtumbwi kwa kafi moja tu? Ni kwa sababu amekaa tezini. Wewe umekaa katikati, kwa hiyo lipeleke kafi mbali. Lichovye karibu na vidole vya miguu, uchore upinde mpana, ulitoe nyuma kabisa. Macho yalifuate bapa lake hadi mwisho. Macho yakifuata, mabega huzunguka. Mabega yakizunguka, kiuno ndicho kinachovuta. Mimi nilivuta kwa mikono miezi mizima, mabega yakaniuma usiku, na kayaki ikazidi kunyooka kuelekea mikoko.

Na msiliinue kafi likifika nyongani! Hili naliona kila siku na linaniuma. Chombo kikiwa mwendoni, omo limebanwa na maji linayoyakata. Tezi ndilo lililo huru. Kazi kubwa iko kwenye nusu ile ya mwisho mnayoitupa.

Wainuiti wa Greenland walilijua hili zamani. Mwindaji alijipimia kayaki kwa mwili wake: urefu kama pima tatu za mikono yake iliyonyooshwa, upana nyonga zake na ngumi mbili. Lile ni vazi, na vazi hufuata kiuno.

Mtoni ni habari nyingine. Kule Jinja, Uganda, ukitoka maji tulivu kuingia mkondo wa Nile, lalia upande mkondo unakokwenda, la sivyo maji yatapanda ubavu ulioelekea mkondo unakotoka yakupindue.

Haya, twendeni ufukweni. Makafi yabaki mchangani kwanza. Wawili wawili: mmoja ashike omo, mwenzake ailaze kulia, kushoto, kwa magoti tu.