Matenki yamevaa koti, vali ziko uchi: tushuke kwenye chumba cha boila

Habari zenu ndugu zangu wa Njombe, Makete, Limuru na nyote mnaoijua baridi ya mwezi wa saba. Karibuni Bavaria, Ujerumani. Leo hatuzunguki mjini. Nawashusha chini ya nyumba, kwenye chumba cha boila, yaani jiko kubwa la kuchemshia maji, maana wengi mnaniuliza tunapashaje nyumba joto na huko nje theluji imejaa.

Haya matenki mawili ni ya lita 1,000 kila moja. Boila ya kuni ile pale. Tunawasha moto, maji yanapanda hadi nyuzi joto 80, yanahifadhiwa humu, kisha pampu inayasukuma taratibu kwenda kwenye redieta, yale mabati ya ukutani yanayopasha vyumba joto. Moto ukizima, joto la usiku kucha linatoka humu.

Sasa nasogeza kamera juu. Mnaona tenki lenyewe limevikwa koti nene la kuzuia joto lisitoke? Haya, tazameni hapa bomba linapotokea: kile kipande kifupi cha kuungia bomba kiko uchi, yunioni (kiungio cha kufungua na kufunga) uchi, vali (koki ya kufungia maji) uchi, elbo (kona ya bomba) uchi. Hapo ndipo joto linapotoroka, na hapa juu ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu maji ya moto hupanda juu ya tenki. Chuma na shaba hupitisha joto haraka sana. Vali moja tu iliyo uchi inaweza kupoteza joto kama bomba uchi la mita nzima, hata zaidi.

Tupige hesabu, mnielewe kwa nini jambo hili linaniuma. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja kunataka kama uniti 1.16, uniti zilezile mnazonunua za umeme. Kutoka nyuzi 30 hadi 80 ni uniti 58 kwa tenki moja. Matenki mawili ni 116. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban uniti 4, na boila nayo inapoteza kiasi chake, kwa hiyo hapa pamelala zaidi ya kilo 30 za kuni. Kuni hizo mtu amezipasua, akazipanga, akazikausha mwaka mzima au miwili. Haifai joto lake liishie kupasha chumba ambacho hakuna anayelala.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wengine hawalitilii maanani. Pampu ikiwa imezimwa kabisa, bomba linalotoka juu ya tenki likapanda moja kwa moja, bado linapata moto. Maji ya moto hupanda ndani ya bomba hilohilo, yakipoa yanarudi kwa upande wa pili, na mzunguko hauishi. Dawa yake ni bomba kushuka kwanza kidogo likitoka kwenye tenki, ndipo lipande. Kulivika peke yake kunapunguza hasara, hakuukati mzunguko huo.

Sheria ya hapa nayo haina mchezo. Katika vyumba visivyopashwa joto, mabomba pamoja na vali zake lazima vivikwe. Bomba la kipenyo cha ndani hadi milimita 22 linataka koti lenye unene wa milimita 20. Kuanzia hapo hadi 35, milimita 30.

Mimi natumia sponji nyeusi ya mpira. Naikata vipande kufuata umbo la vali, nabana kila mshono kwa gundi yake, mfumo ukiwa umepoa. Mshono ulioachwa wazi unaharibu kazi yote. Kabla ya kufunika, pitisha mkono kila kiungio uhakikishe hapavuji.

Ila jamani, si kila kitu kinafunikwa! Mdomo wa vali ya usalama na bomba lake la kumwagia viachwe wazi. Kichwa cha umeme cha pampu kiachwe kipumue. Kifuniko cha kutolea hewa pia. Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1993, mwaka asbesto (madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu) ilipopigwa marufuku hapa, usichane koti la zamani la bomba mpaka mtaalamu alikague.

Sasa nyie wa nyumbani wenye tenki la sola juu ya paa, Arusha, Nairobi, popote: msidhani haya hayawahusu. Bomba la maji ya moto linaloshuka bafuni mara nyingi liko uchi, usiku upepo unalipiga, asubuhi mnamwaga maji mengi mkingoja ya moto yafike. Livikeni, lakini sponji tupu jua linaila mpaka inapukutika. Juu yake muwekeeni bati jembamba la alumini au rangi inayohimili jua. Na bomba la kupumulia la tenki msilizibe kamwe.

Shangazi wa Makete uliyeniandikia wiki iliyopita, mpandishe fundi juu ya paa apige picha pale bomba linapotokea, unitumie. Nitakuchorea mahali pa kuvika na mahali pa kuacha.