Kuku hawajarogwa jamani, ni giza tu

Haya, wazee shikamooni, wengine mambo vipi. Viti vya mbele huku viko wazi, sogeeni. Nimeombwa niongee habari ya kuku wa uwani maana toka mwezi wa kumi na moja simu yangu haipoi, kila mtu kuku wangu wamegoma kutaga, nimebadilisha chakula wamegoma, na kuna mama mmoja, simtaji yumo humu humu, aliniuliza au jirani kawaangalia vibaya. Msicheke.

Sisi wengi tumekulia Mwanza, Kisumu, Bujumbura, huko jua linatoka kwenye saa 12 linazama kwenye saa 12, mwaka mzima ni karibu hivyo hivyo. Kuku wa bibi akiacha kutaga basi anataka kuatamia, yameisha. Hapa Minneapolis, Marekani, mwezi wa sita mchana unafika masaa 15 na nusu, halafu ikifika tarehe 21 Desemba umebaki chini ya masaa 9, unaenda kazini giza unarudi giza. Kuku naye kwake kumekuwa giza vile vile. Tena yeye msimu hausomi kwa macho peke yake, mwanga unapenya fuvu unaingia hadi kwenye ubongo, ndo maana hata kuku kipofu anajua siku zimerefuka. Mchana ukiwa mrefu ubongo unatuma homoni, ovari inaamka, mchana ukifupika inasinyaa, mayai kwisha.

Mi mwenyewe mwaka wa kwanza nilidhani ni baridi. Nikanunua hita ya umeme nikaiweka bandani, kwenye maranda makavu yale, akili gani sijui. Siku ya tatu naingia nakuta mbao ya ukutani ishakuwa nyeusi. Ingeungua banda na kuku na pengine nyumba yangu, na yai sikupata hata moja. Kuku mzima mwenye manyoya yake anavumilia baridi kuliko wewe na hilo koti lako, kinachomuumiza ni unyevu, banda likikosa hewa upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, unashikwa na barafu, hasa Leghorn wenye panga kubwa. Mwenye Wyandotte ana nafuu, upanga wake umelala kichwani.

Nasikia huko nyuma mtu anasema mbona wa kwake mwaka jana walitaga baridi yote. Mama, walikuwa mitemba hao, majike wachanga ndo kwanza wanaanza kutaga, si uliwapata vifaranga majira ya kuchipua? Mtemba mwaka wake wa kwanza mara nyingi anapitiliza tu. Mwaka wa pili ndo ananyonyoka manyoya, unamkuta kama kaburutwa njiani, na manyoya karibu yote ni protini, sasa protini hiyo hiyo atengeneze koti jipya na yai juu? Hawezi. Mpe chakula chenye protini asilimia 20 badala ya ile 16 ya kuku wa mayai, akishafunika mwili mrudishe kwenye chakula chake.

Wengine wanawasha balbu kwa taima mpaka mchana utimie masaa 14 na kuku wanataga kweli. Ukitaka fanya, ila iwake alfajiri, isiwe jioni, maana taa ikizimika ghafla usiku kuku yuko chini hazioni fito za kulalia. Mimi siwashi. Kuku wangu 6, kanilisha toka mwezi wa tatu, nimkimbize na taa usiku kwa trei moja ya mayai? Apumzike bwana.

Na watarudi wenyewe. Mwanzoni mwa Februari mchana unapita masaa 10, bado kuna theluji hadi magotini, wewe hujaona tofauti lakini wao washaona. Upanga uliopauka unaanza kuwa mwekundu, ukimgusa mgongoni anachuchumaa, basi hapo weka majani makavu kwenye viota na uwape wale yale maganda ya chaza, maana ganda la yai linataka kalisiamu. Mayai ya mwanzo uwe unaokota mara mbili tatu kwa siku, ukichelewa yanaganda yanapasuka.

Maswali tutaulizana kwenye chai, iko meza ya nyuma pale. Na hayo mayai ya kuchemsha, msianze kunisifia, nimeyanunua dukani jana.