Jina Lako Katika Kinywa cha Mgeni

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Wengi wenu mnasoma majina ya watu hadharani: kwenye mahafali, redioni, mikutanoni. Wengine mna watoto wanaokwenda kusoma ng'ambo, na mara nyingi fomu zao zina kisanduku kinachouliza jina hutamkwaje. Kisanduku hicho hujazwa haraka haraka, ilhali ndicho kitakachoamua mtoto wako ataitwaje kwa miaka yote atakayokaa huko.

Nianze na herufi r. Mwimbaji Sade Adu alizaliwa Ibadan, Nigeria, na jina hilo ni kifupi cha Folasade, jina la Kiyoruba. Rekodi zake zilipoanza kuuzwa Marekani miaka ya 1980, wachapishaji waliwaandikia wanunuzi kwamba jina hutamkwa "Shar-day". Kwa Mwingereza wa London maelezo hayo yametosha kabisa, kwa kuwa r ya hapo yeye haitamki. Inamwambia tu avute a. Mmarekani, kwa kawaida, hutamka kila r anayoiona. Basi maelezo yaliyokusudiwa kumsaidia yakamwongezea sauti ambayo jina halina.

Makosa ya namna hiyo yamegandia hata kwenye ramani. R ya Burma na r ya mwisho ya Myanmar hazimo katika matamshi ya Kiburma. Ziliwekwa kwa ajili ya msomaji mwenye lafudhi ya kusini mwa Uingereza. Na Wakorea wa ukoo unaoandikwa Park, kwao ni karibu na "Pak".

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: atakayesoma maelezo yangu ni nani? Chukua jina Juma. Sisi tunaliona jepesi, maana irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake ileile. Mhispania atalisoma "Huma", Mjerumani "Yuma". Mfaransa atailainisha j, kisha aikaze midomo kwenye u hadi itoke sauti ambayo Kiswahili hakina. Herufi ni nne tu, na kila mmoja amezisoma sawasawa kwa kanuni za kwao! Basi Mfaransa mwandikie "Djouma", Mjerumani "Dschuma", na msomaji wa Kiingereza "JOO-mah". Mtaona nimeandika ah, sikuandika ar. Hiyo h haimdhuru Mwingereza wala Mmarekani.

Tahadharini pia na maneno ya mfano. Mtu aitwaye Ng'wandu akitaka kueleza mwanzo wa jina lake, humwambia Mwingereza atamke kama katikati ya neno "singer". Ushauri mzuri, ila huko Liverpool, Manchester na Birmingham wapo wengi wanaolitamka neno hilo kwa g kamili, na wao watatoa "ngw" ya "ngwe". Neno la mfano lazima liwe na sauti moja kwa wasomaji wote unaowalenga. Kwa a yetu, "father" hufaa karibu kila mahali. "Hot" haifai: Mmarekani anaikaribia a, Mwingereza yuko kwenye o.

Mimi naamini tuanze na silabi na mkazo kabla ya kuhangaikia konsonanti. Mkapa ana silabi tatu, m-KA-pa. Mbwana ana mbili, MBWA-na. Mgeni akiona m mbili hizo atazisoma namna moja, na mara nyingi ataingiza irabu: "Makapa", "Mabwana". Likateni jina kwa vistari, silabi ya mkazo iandikeni kwa herufi kubwa. Akikosea r kidogo baada ya hapo, mwenye jina bado atajijua kuwa ameitwa.

Wala tusidhani tatizo liko Ulaya tu. Mtanzania akipewa jina la Kikikuyu, Wacera, atasema "Wachera", kumbe wenyewe husema "Washera", na th yao ni dh yetu. Msoma majina wa Dodoma anahitaji maelezo hayo sawa na yule wa Chicago.

Wataalamu wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, waliungana mjini Paris mwaka 1886, na chama chao kikatengeneza alfabeti ambayo kila alama ina sauti moja. Naipenda na naifundisha, lakini mshereheshaji aliyeshika orodha ya majina mia tatu hajaisomea. Mwekeeni sauti iliyorekodiwa na mwenye jina, na chini yake mstari ulioandikwa kwa lafudhi ya msomaji.

Kabla hamjaukabidhi mstari huo, mpeni mtu wa lafudhi hiyo ambaye hajawahi kulisikia jina. Msimsaidie. Akitamka vibaya, futeni mlichoandika, mwandike upya, kisha mtafuteni mtu mwingine, kwa sababu huyo wa kwanza sasa ameshalisikia.