Trampolini Iliyolala Uani

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo ndugu na vijana. Ahsanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Iowa City na Des Moines kuja kutusikiliza hapa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani.

Kabla sijaanza, naomba springi hii ya trampolini, ile fremu ya kitambaa wanayorukia watoto, ipite mkono kwa mkono hadi meza ya nyuma, na kila mmoja ajaribu kuivuta. Imekaa nje miaka tisa, ikapigwa na mvua, jua na theluji. Nani ameweza kuirefusha? Hakuna. Sasa tazameni kipande hiki cha kitambaa cheusi, kilichotoka kwenye trampolini hiyohiyo. Nakisukuma kwa kidole gumba, na kidole kimepita upande wa pili. Springi na kitambaa vilitoka kiwandani pamoja. Kimoja kimekwisha, kingine hakijachoka. Mengi nitakayosema leo yanatoka hapo.

Mimi ni mtoto wa Tanga, na kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Lakini aliyenifundisha kuitazama trampolini ni babu yangu, ambaye hakuwahi kuiona. Babu alikuwa akiwamba vitanda vya kamba. Kwa ndugu ambao hamkulelewa pwani: kitanda hicho kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, halafu kamba ya miyaa inasukwa kwenda na kurudi mpaka inakaza. Kukaza huko ndiko kuwamba. Ngoma nayo huwambwa, ndiyo maana wakasema mwamba ngoma huivutia ngozi kwake. Kamba ilipolegea, babu hakutupa kitanda. Alikata kamba, akapangusa mbao, akawamba upya. Kuna mifumbati pale nyumbani iliyopita vizazi vitatu.

Nilipoiona trampolini mara ya kwanza kwenye ua wa jirani, nilikiona kitanda cha babu, ila ni cha duara, na mahali pa kamba pana springi. Ndiyo maana inaniuma kila majira ya kuchipua nikipita mitaani na kuona fremu nzima, chuma kizuri, imewekwa kando ya barabara ikingoja gari la taka kwa sababu kitambaa kimechanika.

Na wengi wetu hatujui kwamba chombo hiki ni cha hapa. George Nissen, aliyekibuni, alikulia mji huuhuu. Mwaka 1930 alikuwa na miaka 16, akaanza kuunganisha chuma chakavu kwenye gereji ya wazazi wake. Aliwaona wanasarakasi wa bembea za juu wakimalizia mchezo kwa kujiangusha kwenye wavu, akatamani wavu unaomrusha mtu tena juu. Mwaka 1934, akiwa Chuo Kikuu cha Iowa, yeye na mwalimu wake wa mazoezi, Larry Griswold, walitengeneza ya kwanza inayofanana na tunazozijua: fremu ya chuma, turubai yenye matundu pembezoni, na springi. Jina likatokana na neno la Kihispania, trampolín, ubao wa kuchupia majini. Alifariki mwaka 2010, baada ya kuuona mchezo wake ukiingia Olimpiki za Sydney mwaka 2000. Mimi nakumbuka zaidi lile neno chakavu. Kijana alianza na chuma kilichotupwa na watu wengine.

Sasa, kabla ya matumizi mapya, niongee na wazazi. Wengi mmepewa trampolini na majirani, au mmeikuta kwenye nyumba mliyopanga. Watoto wanaipenda. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kwa miaka mingi kimeshauri trampolini zisitumike kwa burudani nyumbani, na wanaeleza kwamba takriban robo tatu ya majeraha hutokea watoto zaidi ya mmoja wanaporuka pamoja. Mtoto mdogo ndiye anayeumia, kwa sababu mkubwa akitua, mdogo anarushwa bila kujiandaa. Ikiwa ya kwako kitambaa kimefifia na kuwa kijivu, nyuzi za mshono zinakatika, usimwache mtoto aiguse. Kitambaa hicho ni polipropilini. Jua hukila polepole, kikionekana kizima kumbe kimeoza.

Halafu kuna upepo. Mliokuwa hapa tarehe 10 Agosti 2020 hamhitaji kusimuliwa. Upepo wa dhoruba ya siku hiyo ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa, na mji ukapoteza zaidi ya nusu ya vivuli vya miti yake. Trampolini iliyowambwa ni tanga la jahazi lililolazwa. Upepo ukiingia chini yake inapaa. Kwa hiyo hata kama leo hujui utaifanyia nini, toa kitambaa na ule wavu wa pembeni unaozuia watoto wasianguke. Fremu tupu upepo unapita katikati, si rahisi kuinuliwa.

Haya, tuje kwenye fremu. Chukua ile ya kawaida ya futi 14, yaani mita 4 na robo kutoka ukingo hadi ukingo. Mabomba yake yameshachongwa ncha ili yaingiane. Hakuna haja ya kukata. Ukiondoa miguu na kuvuta viungo, unapata nusu duara mbili. Zisimamishe wima. Kila moja ni tao lenye upana wa mita 4 na robo, na kimo cha mita 2 na kitu katikati. Mtu mzima anapita chini akiwa amesimama. Fundi akitaka kupinda bomba hivyo anahitaji mashine na pesa, na wewe limekuja limepindwa tayari.

Mimi nilipanda matao yangu mawili hivi. Nilipiga nondo nne ardhini, kila moja ya mita moja, nusu ndani na nusu nje, kisha nikavisha ncha za mabomba juu ya nondo. Matao yako umbali wa mita 2 moja kutoka lingine, na juu nimeunganisha kwa mbao tatu zilizofungwa kwa bolti. Tafadhali, kabla hujapiga nondo yoyote katika nchi hii, piga simu 811 siku kadhaa mapema. Watakuja bure kukuwekea alama mahali nyaya na mabomba ya gesi yanapopita. Usiruke hatua hiyo hata kama ua ni wako mwenyewe.

Juu ya matao hayo nimepandisha maharagwe. Si yale ya vichaka vifupi. Ni yale yanayopanda, ambayo ndugu wa Burundi na Kivu mnayajua kuliko mimi. Kule mnakata miti ya kuyaegemeza, hapa mti wa kukata huna, na jirani hatakupa. Tao linakupa. Nilifunga kamba za katani kutoka chini hadi juu, kila shubiri moja kamba moja. Hiyo katani wanaiuza kwenye maduka ya wakulima hapa Iowa kwa kufungia majani makavu ya ng'ombe, na mimi mtoto wa Tanga, niliyekua nikipita kando ya mashamba ya mkonge, nilisimama dukani nikaishika kwa muda mrefu. Kufika Julai maharagwe yalikuwa yamefunika paa. Unaingia ndani kwenye kivuli, na maganda yananing'inia usawa wa uso. Mke wangu alikuwa anachuma bila kuinama. Mama yake, mwenye maumivu ya mgongo, alitaka aletewe kiti akae humo, akachuma akiwa amekaa.

Wengine watauliza kwa nini sikutumia ule wavu wa pembeni badala ya kamba. Nilijaribu msimu wa kwanza. Matundu yake ni madogo, mashina yanajisuka ndani, na Oktoba baridi ikishaua mimea utachukua siku mbili kuyachomoa. Kamba ya katani unaikata na mimea yake, unatupa vyote kwenye mboji, vinaoza pamoja. Wavu huo nautumia kufunika kabichi, vipepeo weupe wasitage. Kazi hiyo unaiweza vizuri.

Ukitaka kuwahi msimu, matao hayohayo yafunike kwa nailoni angavu mwezi wa nne. Hapa barafu ya alfajiri inaweza kuua miche hata Mei ikiwa imeshaanza. Chini ya nailoni nimeotesha mchicha, wenyewe wa Uvira mnaita lengalenga, na zile biringanya ndogo chungu mnazoziita intore, kabla majirani hawajagusa udongo. Lakini nailoni iondolewe kabla ya theluji. Mgongo wa tao ni mpana, theluji haitelezi pale juu, na mbao zitavunjika.

Matao hayo yanafaa pia kuwa banda la kuku. Kila mji una masharti yake ya kufuga kuku, anzeni ofisi ya jiji. Na msidanganyike na ule waya laini wa matundu ya pembe sita. Unamzuia kuku asitoke, haumzuii rakuni asiingie. Mnyama huyo ana vidole kama mtu, anafungua komeo na kurarua waya. Tumieni wavu wa chuma wa matundu madogo ya mraba, na uzikwe kidogo chini.

Vijana mliokaa pale pembeni, nyinyi mmeshaona: tao moja lenye wavu wake nyuma ni goli. Kimo chake kinapungua kidogo tu kuliko goli la watu wazima. Sharti ni moja, lishikwe ardhini kwa nondo kama nilivyoeleza. Goli lisiloshikwa huanguka, na huangukia watoto.

Kitambaa sitakisifia. Kikiwa bado kigumu, kinafaa kutandikwa juu ya uwanda wa kukaa, kwa kuwa kinapitisha hewa na mvua. Kwa miche kinatia giza mno. Na nawasihi akina mama, msianike mboga, dagaa wala unga juu yake. Kikizeeka kinamwaga chembechembe za plastiki. Nilimwona mtu akianika kisamvu juu yake, nikamwomba akitupe chote.

Springi ninazitumia kwenye mageti. Moja ikifungwa kati ya nguzo na geti, geti linajirudisha lenyewe na mbwa hatoki. Zilizobaki, pamoja na mabomba yaliyokula kutu, peleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hakuna aibu hapo.

Sasa niseme jambo la kazi yangu, na hapa naomba mafundi wanisikilize. Mabomba haya yamepakwa zinki. Ukiyachomelea au kuyakata kwa moto, unatoka moshi mweupe, na ukiuvuta, saa chache baadaye unashikwa na homa, baridi ya mifupa, na ladha ya chuma mdomoni. Unadhani ni malaria. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili, lakini ni sumu uliyojitia. Kule nyumbani tulikuwa tunakunywa maziwa, tukiamini yanazuia. Maziwa hayazuii. Ugua mimi nimeugua, na maziwa nilikuwa nimekunywa. Futa zinki kwa grinda mpaka chuma king'ae, fanyia nje penye upepo, vaa barakoa ya mafusho. Au fanya kama nilivyofanya kwenye matao: bolti na nati, bila moto kabisa.

Mama pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: je, haiwezekani kuitundika ikawa kitanda cha bembea, kama anavyoona watu wanafanya? Mama yangu, inawezekana, na ndilo swali nililokuwa nalingoja. Wanaofanya hivyo wengi wanaacha kitambaa kilekile cha zamani na kukitundika kwa minyororo. Kidole changu kimeshawaonyesha kitambaa hicho kilivyo. Mimi nilichukua fremu ndogo, ile ya mazoezi ya ndani, ya kama mita moja, yenye miguu yake. Nikang'oa springi zote. Nikanunua kamba ya polista, maana katani ikikaa nje inaoza, na nailoni ikilowa inalegea. Nikaketi uani nikawamba kama nilivyomwona babu: kwenda, kurudi, kukatiza juu, chini, nikivuta kila mzunguko kwa goti. Mara mbili nilifumua. Mikono ilisahau, halafu ikakumbuka. Kiti hicho kiko barazani kwangu, kinambeba mtu mzima, na binti yangu wa miaka kumi ameshajifunza kukikaza upande wake. Kubwa ya kutundika sijaitundika bado, kwa sababu sijapata mti ninaouamini tangu ile dhoruba.

Sasa tutoke nje. Kuna fremu ya futi 12 kwenye nyasi, bado imewambwa, na tutaifungua pamoja. Chukueni glavu na miwani kwenye lile sanduku, kila mtu, pamoja na watoto wa kutazama. Springi inatolewa kwa ndoano hii, kuelekea chini, uso ukiwa pembeni. Tusianzie upande mmoja tukaendelea nao, fremu itavutwa ipinde. Mtu mmoja asimame upande huu, mwingine amkabili. Akitoa yeye moja, nawe toa moja, halafu wote wawili mruke nafasi mbili mwende kulia.