Nani Alimtuma Mjumbe Wetu Geneva?

Ndugu zangu wafanyakazi, kwenye Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani, kule Geneva, kila nchi ina wajumbe wanne wenye kura: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri, mmoja wetu. Waziri anaweza kusema ndiyo, mjumbe wetu akasema hapana, na wote wametoka nchi moja. Si jambo dogo hilo. Kule Paris, kwenye OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, vyama vya wafanyakazi vina kamati ya ushauri iliyoanza 1948, kabla ya OECD yenyewe. Wanasikilizwa, wanatoa maoni, kura hawana.

Lakini kura hiyo itatufaa nini ikiwa aliyeishika ni mtu wa serikali? Katiba ya shirika inaitaka serikali imteue mjumbe kwa kukubaliana na vyama vyenye uwakilishi mkubwa zaidi. Mwaka 1921 Uholanzi ilikubaliana na vyama vitatu, kile kikubwa kuliko vyote kikapinga. Suala likafika Mahakama ya Kudumu ya Kimataifa, na maoni yake ya kwanza kabisa, mwaka 1922, yalihusu hilo. Uholanzi ilishinda, kwa kuwa wanachama wa vile vitatu wakijumlishwa walikuwa wengi zaidi. Mimi ninachokishika hapo ni kwamba uteuzi ulihojiwa. Hata leo, chama kinaweza kuweka pingamizi kwenye kamati ya hati za wajumbe.

Sasa, dada wa kazi je? Yuko peke yake jikoni kwa watu, mara nyingi hata chama hana. Mwaka 2010 na 2011, mkataba wa wafanyakazi wa majumbani ulipojadiliwa, baadhi ya vyama viliwapa wafanyakazi hao wenyewe nafasi kwenye misafara yao ya Geneva. Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani, alikuwa miongoni mwa waliowaongoza wenzake. Mkataba namba 189 ukapita kwa kura 396 dhidi ya 16, 63 hawakuegemea upande. Humo mna saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na haki ya kukaa na pasipoti yako mwenyewe. Wenye ndugu Oman na Ghuba wanajua uzito wa pasipoti.

Mkataba haufungi nchi isiyouridhia, kwa hiyo kazi ipo. Msafara ujao ukitangazwa, ulizeni chamani: nani amependekezwa, kikao gani kilimpitisha, na washauri wake ni akina nani. Mimi nataka kumwona dada wa kazi kwenye orodha hiyo.